Mgeni Aliyetutoa Chumbani

2 Juni

Daftari hili binti yangu Marcela aliliacha alipoolewa mjini Xela. Kurasa za mwanzo zina hesabu zake za shule, zilizobaki ni zangu. Nilimwambia kwenye simu kwamba nimechoka, akanijibu niandike, nitapumua. Haya, naandika. Nimechoka. Kupumua bado.

Mvua tangu alfajiri. Mtakatifu Luka, sanamu ya mji mzima, yuko chumbani kwetu juu ya meza yake, na ng'ombe wake wa mbao miguuni, wote wakavu. Mimi na Anselmo tunalala jikoni tangu Oktoba, miguu yetu karibu na mafiga. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu anaingia mwezi wa nane, na nani wa kumpa jembe?

3 Juni

Mvua.

5 Juni

Nieleze alivyofika, ili hasira yangu ikae mahali pamoja.

Kila mwaka, kabla ya sikukuu yake, wazee wa udugu wa Mtakatifu Luka, wanaosimamia utunzaji wake, huchagua nyumba na kuipelekea kikapu cha mikate mitamu kilichofunikwa kitambaa cha kudarizi. Kikapu kikilala usiku mmoja na kitambaa hakijaguswa, nyumba imekataa, hakuna ugomvi. Ukiliwa mkate hata mmoja, mtakatifu anahamia hapo mwaka mzima. Mtoto wa hapa Chuabaj anajua hili kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Anselmo, mume wangu, mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu, naye anajua. Mwaka jana nilikwenda mashineni kusaga mahindi, yeye akarudi kutoka shambani, akakuta kikapu mezani, akala mitatu. Nilipouliza, akasema alikuwa na njaa.

Tangu siku hiyo njaa ya Anselmo inakula mwaka wangu. Sandarusi, ubani wetu wa huku, huchomwa mbele ya mtakatifu alfajiri na jioni, na sharti aichome mwanamke wa nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Haiazimwi, haikaimiwi. Anselmo kazi yake ni kumbeba kwenye maandamano, mara nne kwa mwaka, halafu anapongezwa na kumiminiwa gongo. Mimi sijalala nje ya nyumba hii hata usiku mmoja.

14 Juni

Marcela amepiga simu. Ana mimba ya miezi minne na zaidi. Atajifungua mwanzoni mwa Novemba.

Mimba ya kwanza ilimtoka mwaka juzi akiwa peke yake katika chumba cha kupanga, mumewe kazini, mimi huku. Nilifika siku ya tatu, akiwa ameshafua mashuka mwenyewe. Sijayasahau mashuka yale kwenye kamba.

Aliniuliza tu, "Safari hii utakuja?"

Nikamwambia nitakuja. Nimeahidi kabla sijafikiri. Sikukuu ya Mtakatifu Luka ni tarehe kumi na nane Oktoba. Akipatikana mtu wa kumpokea, nitaondoka. Asipopatikana, anabaki kwetu mwaka mwingine, na mimi nabaki naye.

15 Juni

Mvua. Mahindi yamefika magotini.

19 Juni

Nan Gregoria, bibi kizee wa ng'ambo ya uwanja wetu, amekuja tena. Haji siku moja moja, anakuja kila siku, saa kumi jioni, uwe ukungu au mafuriko. Anavua shali, anamwambia mtakatifu habari za mji kama anamwambia shemeji yake: nani kauza shamba, kuku wa nani wametaga nje. Kisha anakaa kwenye kigoda kile cha karibu na mlango na kunyamaza. Ananyamaza mpaka nimletee uji. Akishakunywa, ananyamaza mpaka nimletee chapati ya mahindi. Jirani zake wanasema ana ibada sana. Kwa mwendo huu hata mimi ningekuwa na ibada.

2 Julai

Nimefua nguo za mtakatifu. Mashati kumi na saba na mitandio, watu humletea kwa shukrani na hakuna anayemletea sabuni. Maji ya kufulia hayamwagwi njiani, hupelekwa shambani kwenye mashina ya mahindi. Safari sita na ndoo, tope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nan Gregoria alisimama chini ya upenu akinitazama, akasema kola hazikukamuliwa vizuri. Kiuno kinauma.

20 Julai

Mvua imekatika, jua la kati ya masika. Watalii wamekuja na yule kijana wa Xela anayewaongoza. Mmoja, msichana mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, aliuliza kwa upole kama anaweza kukaa kidogo na mtakatifu. Nikadhani ataomba. Alisinzia. Amelala kwenye mkeka mbele ya mtakatifu karibu saa nzima, wenzake wakapiga picha wakaondoka, akaamka na kuondoka mbio bila kunywa maji. Nilimwonea wivu.

21 Julai

Jua. Nimeanika blanketi.

11 Agosti

Wazee wameanza kutafuta. Mikate ya kikapu huokwa na mwenye mtakatifu, yaani mimi. Nimeoka mikate ishirini na minne kwa moyo wote, nikatia mdalasini na ufuta, nikasema asiyekula hii basi hana pua. Tat Perfecto, mkubwa wa udugu, akaipeleka kwa mwalimu mkuu.

12 Agosti

Kikapu kimerudi. Kitambaa hakijaguswa.

13 Agosti

Mvua imerudi na upepo. Tunakula mikate ya mwalimu mkuu.

24 Agosti

Leo nimefanya ubaya.

Paa la jikoni limevuja usiku wa kuamkia leo, godoro likalowa. Chumbani kwa mtakatifu hakujadondoka tone. Marcela alipiga simu asubuhi akasema miguu imemvimba, na kwamba mume wake ameuliza kama mama atakuja kweli au ni maneno. Kuni mbichi, moshi tele, uji ukaungua. Ilipogonga saa kumi, Nan Gregoria huyo mlangoni, anapangusa miguu. Akamwambia mtakatifu kuwa mbuzi wa Tat Perfecto amekufa. Akakaa kwenye kigoda chake. Akanyamaza kule kunyamaza kwake.

Nikasema, na nilisema kwa sauti, "Nan, umekuja kumsalimu mtakatifu au umekuja kula?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama, akainuka taratibu kwa kushika ukuta, akajitanda shali, akamuaga mtakatifu kwa jina, akatoka. Anselmo alikuwa anachonga mpini wa jembe, akaacha kuchonga. Nikamwambia asinitazame hivyo, mimi ndiye ninayepika.

25 Agosti

Nan Gregoria hakuja. Mvua.

26 Agosti

Hakuja. Mvua.

27 Agosti

Saa kumi nilijikuta natazama mlango. Uji ulibaki bakuli moja.

30 Agosti

Nilimuuliza Anselmo kama Nan Gregoria anaumwa. Akasema haumwi, amemwona anapura maharagwe. Kisha akanieleza jambo ambalo nimeishi hapa miaka ishirini na nane bila kulijua, maana mimi niliolewa kutoka ng'ambo ya korongo na nilipofika Nan Gregoria alikuwa mjane tayari.

Mwaka wa sabini na sita, ardhi ilipotetemeka Februari, Mtakatifu Luka alikuwa kwa Nan Gregoria. Alikuwa amekaa naye miezi isiyofika minne. Ukuta wa udongo ulimwangukia mume wake, akafa pale pale. Mtakatifu walimkuta amesimama kwenye meza yake, ana vumbi tu mabegani. Siku ya tisa, sala za marehemu zilipokwisha, wazee wa wakati ule wakaja wakamchukua. Huu mzigo ni wa watu wawili, mwanamke wa sandarusi na mwanamume wa kubeba, na mjane hawezi. Walimpa pole, wakaondoka na mtakatifu. Akabaki na kitanda na shimo lililokuwa ukuta.

Tangu hapo, nyumba yoyote anayohamia mtakatifu, Nan Gregoria huenda saa kumi. Hajakosa isipokuwa alipolazwa hospitali mara moja. Na juma hili, kwa sababu yangu.

Nikamuuliza Anselmo kwa nini hakuniambia siku zote hizi. Akasema sikuuliza. Ningekuwa na nguvu ningempiga na ule mpini.

31 Agosti

Nimempelekea uji. Alipokea bakuli, akashukuru, akaliweka chini bila kunywa. Nimeona aibu mpaka masikioni.

6 Septemba

Amekuja. Saa kumi kamili. Kabla hajakaa akaniambia, "Nimekula nyumbani." Nilimwekea chapati hata hivyo. Hakuigusa. Alimsimulia mtakatifu juma zima na nusu alilokosa, habari moja baada ya nyingine, nami nikajifanya nachambua maharagwe.

12 Septemba

Kikapu cha pili, kwa mwenye duka la mbolea. Sikutia ufuta, ufuta umekwisha, na matumaini nayo yanapungua.

13 Septemba

Kimerudi. Mwenye duka ameokoka, alisema sanamu haingii kwake. Angesema jana nisingeoka.

22 Septemba

Barabara ya chini imeporomoka, njia ya Xela imefungwa siku tatu. Nan Gregoria leo amekula nusu chapati. Nusu nyingine ameifunga kwenye shali.

28 Septemba

Mvua.

29 Septemba

Mvua. Marcela anauliza. Nimemwambia bado kikapu kimoja.

4 Oktoba

Kikapu cha tatu na cha mwisho. Wazee wamechagua nyumba ya Manuel, mjukuu wa Nan Gregoria, na mkewe Anastasia. Ni uwanja ule ule, hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu, na bibi mwenyewe anaishi nao, chumba cha nyuma. Manuel anaendesha lori la kabichi, nyumbani analala siku mbili kwa juma. Anastasia ana mapacha wa miezi tisa na cherehani, na macho mekundu ya kutolala. Ningechagua mimi, nisingemchagua yeye. Lakini nimeoka. Nilikanda unga namwazia Marcela, nikaombea mkono wa Anastasia uteleze. Mungu anisamehe.

Anastasia aligeuza uso ukutani Tat Perfecto alipoweka kikapu mezani. Jioni nimemwona anavuka uwanja na watoto, mmoja mgongoni mmoja kifuani, anakwenda kulala kwa mama yake. Alisema hataki kulala nyumba moja na kikapu kile.

5 Oktoba

Naandika ilivyokuwa, hata ikichukua mafuta yote ya taa.

Desturi ni kwamba mwanamke mwenye mtakatifu huenda kukichukua kikapu asubuhi, kabla wazee hawajafika kushuhudia. Nilivuka uwanja kukiwa na ukungu mzito. Mlango wa jikoni kwa Anastasia ulikuwa wazi. Ndani alikuwa Nan Gregoria peke yake, amekaa mezani, kitambaa amekikunja vizuri pembeni, na mkate wangu anauchovya kwenye kikombe cha kahawa. Alikuwa anamaliza wa pili.

Nitasema ukweli, daftari ni langu. Nilifurahi. Niliona njia ya Xela imefunguka yote, nikamwona Marcela kitandani na mimi nimekaa pembeni. Mkate umeliwa. Nyumba imekubali. Sikuwaza kingine mpaka nilipomsikia Anastasia nyuma yangu.

Alisimama kizingitini na mapacha wake. Akaangalia kitambaa, akaangalia kikombe, akakaa chini pale pale kwenye sakafu na kuanza kulia bila sauti. Kisha akanishika sketi.

"Dada Bartola, wewe una mikate nyumbani. Lete miwili. Tufunike. Nani atajua?"

Kweli, nilikuwa nayo minne, kwenye debe juu ya rafu, ya mkando ule ule. Hatua thelathini kwenda, thelathini kurudi. Nikileta, Anastasia ameokoka na binti yangu anazaa peke yake. Nisipoleta, nimeondoka huru na huyu mtoto wa watu atakufa kwa kazi. Nilisimama. Miguu haikwenda nyumbani, wala haikukaa. Pacha mmoja akaanza kulia, nikampokea ili mikono yangu ipate la kufanya.

Nan Gregoria akapangusa mdomo. "Mnalia nini? Nimekula mimi."

Anastasia akamwambia kwa upole, kama mtu anavyosema na mtoto, "Bibi, umesahau. Huo ni mkate wa mtakatifu. Ukila, anahamia."

"Meno sina, akili ninayo," akasema Nan Gregoria. "Nilijua ninachokula. Nilikatiwa mwaka wangu. Ilibaki miezi minane."

Wazee walifika saa mbili, makoti yanachuruzika. Tat Perfecto akavua kofia, akaona, akashusha pumzi ya mtu aliyetua gunia, maana hata wao walikuwa wamechoka kutembeza kikapu. Akatangaza kuwa mkate umeliwa, nyumba ya Manuel na Anastasia imempokea Mtakatifu Luka. Nan Gregoria akamkata hapo hapo. Akasema si nyumba iliyokula, ni yeye, na chumba anacho, kile cha nyuma alichojengewa baada ya tetemeko, na ndani mna meza.

Tat Perfecto si mtu mbaya. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa bibi.

"Nan, mzigo huu ni wa watu wawili. Mwanamume wako yuko wapi?"

Alitazama kikombe chake. "Waliniuliza hivyo hivyo mwaka ule," akasema, "na walikuwa wametoka kumzika."

Mvua ilipiga bati. Anselmo alikuwa mlangoni, amekuja kutazama kama wengine, kofia mkononi, amejaa mlango mzima kwa mabega yake. Nikamtazama. Sijui maneno yalitoka wapi, nadhani yalikuwa yananisubiri tangu Oktoba ya jana.

Nikasema, "Mchukueni Anselmo."

Wote wakageuka. Tat Perfecto akaniuliza nina maana gani. Nikamwambia mwaka jana kikapu kilipokuja kwangu, mume wangu alikula mikate mitatu. Mkate mmoja mwaka mmoja. Ametumikia mmoja, bado anayo miwili tumboni. Aje abebe. Sandarusi ichomwe na Nan Gregoria, mwanamke wa nyumba kwa mkono wake mwenyewe, kama desturi inavyotaka.

Mmoja wa wazee akacheka, wa pili akamfuata. Mwingine akaniuliza kama sioni wivu kuletewa mke mwenza wa miaka themanini. Nikasema namkabidhi na mkeka wake. Nan Gregoria hakucheka. Alikuwa anampima Anselmo kwa macho, kuanzia miguuni.

"Anakoroma?"

"Sana," nikasema.

"Basi atalala kwake."

Wazee wakatoka kwenda kushauriana chini ya upenu. Tuliwasikia wakibishana. Tat Perfecto aliporudi alisema jambo hili halijawahi kutokea. Nan Gregoria akamjibu kwamba hata tetemeko lile lilikuwa halijawahi. Tat Perfecto akachukua mkate kikapuni, akampa Anselmo mbele ya mashahidi.

Anselmo aliushika. Nilidhani atakataa, na angekuwa na haki, maana nilimtoa mbele za watu kama jogoo wa sokoni. Lakini safari hii, kabla hajauma, alinitazama mimi kwanza. Aliuliza kwa macho tu. Nikatikisa kichwa kukubali. Akala wote, polepole, na baadaye njiani akaniambia, "Mpigie Marcela." Sijamwambia bado kwamba nimemsamehe ile mitatu. Nitamwambia.

6 Oktoba

Mvua, lakini nyepesi. Nimempigia Marcela. Tulilia wote wawili, kisha akaniuliza kama baba ataweza kujipikia. Nikamwambia ana mke mwingine sasa.

9 Oktoba

Nan Gregoria amekuja kukagua nguo za mtakatifu. Amehesabu mashati yote. Amesema kola bado.

18 Oktoba

Sikukuu. Kutoka kwangu mpaka kwake ni hatua thelathini, lakini mtakatifu hahami kwa njia ya mkato, tumezunguka mji mzima kwa zumari na ngoma na fataki, Anselmo mbele na mzigo mabegani, jasho linamtoka. Nan Gregoria alikuwa anamsubiri mlangoni, amevaa blauzi ya kufumwa ambayo sijawahi kuiona, nyekundu, imekunjwa miaka mingi mpaka mikunjo haikubali kunyooka. Aliwasha sandarusi.

Mvua haikunyesha leo. Tumerudisha kitanda chumbani. Sakafuni pamebaki alama nne za miguu ya meza yake.

19 Oktoba

Niliamka alfajiri kabla ya jogoo, nikapapasa kiberiti. Hakukuwa na cha kuwasha. Nililia kidogo kitandani kwangu, mimi niliyekuwa namtaka atoke. Anselmo hakunisikia, alikuwa anakoroma.

20 Oktoba

Begi limefungwa. Basi la Xela ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nimeweka blanketi la mtoto, mchele, na yale majani ya kuoga mzazi.

Niliapa kwamba leo nitapumzika. Ilipofika saa kumi jioni nilikuwa nimekaa jikoni, mikono mapajani, kumekaa kimya. Nikainuka, nikajitanda shali, nikavuka uwanja.

Anselmo alikuwa amepiga magoti chumbani kwa Nan Gregoria, anatandaza majani ya msonobari sakafuni, na bibi anamwonyesha kwa fimbo pale aliporuka. Mtakatifu alikuwa amevaa shati safi, kola imekamuliwa. Nikapangusa miguu mlangoni. Nilimwambia mtakatifu kwamba kesho nasafiri, binti yangu anakaribia, barabara ya chini imetengenezwa. Yakaniishia. Nikanyamaza.

Nan Gregoria akageuka na fimbo yake.

"Bartola, umekuja kumsalimu mtakatifu au umekuja kula?"

Anselmo akaacha kutandaza majani. Nikamwambia Nan Gregoria ukweli, kwamba sijui, nimekuja tu.

Akaniletea bakuli la uji na mkate, na mwingine akaufunga kwenye kitambaa kwa ajili ya Marcela, akasema hii haina masharti, tule bila hofu. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu mpaka karibu na mlango. Nilikaa hapo hadi giza likaingia, na hakuna aliyenifukuza.